HATAZA SI CHETI CHA USALAMA, WALA SI MALIPO YA FUNDI



Katika karakana ninayofanya kazi hapa Kampala tuliletewa mtambo mpya wa kuinulia mabasi. Ni nguzo nne za chuma zenye magurudumu, kila moja na betri yake na uma wake wa kukamata gurudumu la basi. Hakuna waya wa umeme unaotambaa sakafuni, wala hakuna haja ya shimo. Fundi huisukuma nguzo kama mkokoteni, huiweka penye gurudumu, hubonyeza kitufe, na zote nne hupanda pamoja kwa kuwasiliana kwa redio. Sisi tuliozoea kulala juu ya maboksi chini ya gari, mafuta machafu yakitudondokea machoni, tuliupokea mtambo huo kwa furaha, na sina sababu ya kulificha jambo hilo. Mashine njema ni rafiki wa mfanyakazi.

Lakini wiki ile ile ya kwanza, kamati ya tawi ilipouliza ni nani aliyeukagua mtambo na lini utakaguliwa tena, tulijibiwa na mkubwa wa karakana kwa maneno haya: "Huo una hataza. Umechunguzwa Ulaya kwa miaka. Ninyi ni nani mtake kuuchunguza tena?" Ubavuni mwa nguzo palikuwa kweli na kibati chenye namba ya hataza. Wenzetu wengi wakanyamaza. Neno lile "umechunguzwa" liliwatosha.

Miezi minne baadaye, basi likiwa linapandishwa, nguzo moja ilichelewa. Tatu zilikwenda juu, ya nne ikabaki nyuma, na basi likaanza kuegemea upande. Mwenzetu aliyekuwa karibu na ekseli alitoka mbio. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Nguzo ilipofunguliwa ilionekana kwamba betri yake imechoka na kifaa cha kupima kimo kimelegea. Yote mawili ni mambo ambayo ukaguzi wa kawaida ungeyaona mapema.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujifunza hataza ni nini, na ni nini hasa kinachochunguzwa. Niliyoyaona yananifanya niseme wazi: tumedanganywa mara mbili kwa neno moja. Mara ya kwanza tumeambiwa kwamba hataza ni cheti cha usalama. Mara ya pili tumeachwa tuamini kwamba hataza ni mambo ya wahandisi wa Ulaya, yasiyomhusu fundi mwenye spana mkononi. Yote mawili si kweli, na chama chetu hakina budi kusema hivyo.

HATAZA NI NINI?

Hataza ni hati ambayo serikali, au ofisi iliyopewa kazi hiyo na serikali kadhaa, humpa mwenye uvumbuzi ili kwa muda maalumu aweze kuwazuia wengine wasiutengeneze, wasiuze wala wasiutumie kibiashara bila ruhusa yake. Muda huo kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, mradi ada zilipwe. Kwa upande wake mvumbuzi hulipa gharama nyingine: lazima aeleze uvumbuzi wake kwa maandishi na michoro, waziwazi kiasi kwamba mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo aweze kuutengeneza. Katika nchi nyingi maandishi hayo hutangazwa baada ya miezi 18, na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Yafaa ieleweke kwamba hataza haimpi mtu ruhusa ya kuuza mashine. Inampa haki ya kuzuia wengine, basi. Mtu anaweza kuwa na hataza ya mtambo ambao sheria za usalama zinakataza kuutumia. Ndiyo maana kibati chenye namba ya hataza hakimwambii fundi kama nguzo ile itasimama au itaanguka.

MCHUNGUZI ANACHUNGUZA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mchunguzi wa hataza hukaa mezani na kuchunguza karatasi. Kwa desturi haletewi mashine. Hapandishi basi, hapimi betri, halegezi nati hata moja. Kazi yake ni kujibu maswali machache ya sheria. Je, kitu hiki ni kipya, yaani hakijapata kujulikana popote kabla ya siku ya maombi? Je, kina hatua ya ubunifu, yaani si jambo ambalo fundi wa kawaida angelifanya bila kuumiza kichwa? Je, kinaweza kutengenezwa au kutumika katika kazi? Je, kimeelezwa vya kutosha?

Ili ajibu, mchunguzi hutafuta katika hazina ya hati za zamani. Hati hizo zimepangwa kwa mafungu ya kimataifa. Mitambo ya kuinua iko katika fungu la B66F, na ndani yake kuna kijifungu B66F 3/46 cha jeki kadhaa zinazofanya kazi pamoja kwa mwendo mmoja. Akipata hati ya zamani inayofanana na maombi, huiandika katika ripoti yake na kuipa herufi. Herufi X ni hati ambayo peke yake inatosha kuyaangusha madai. Herufi Y ni hati inayoyaangusha ikiunganishwa na nyingine. Herufi A ni ya kuonyesha tu hali ya ufundi ilivyokuwa.

Tuchukue mfano wa mtambo wetu. Tuseme mtu amepeleka maombi akidai: "Nguzo ya kuinulia magari, yenye magurudumu, ambayo badala ya kuchomekwa ukutani inatumia betri." Je, huo ni uvumbuzi? Tupige hesabu kidogo. Kuinua basi la tani 12 kwenda juu mita 1.7 ni kazi ya takriban kilojuli 200. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina akiba ya kilojuli 4,320. Hata nusu ya akiba hiyo ikipotea katika mota, pampu na mafuta ya haidroliki, betri moja ingeliinua basi zima mara 10, na nguzo ziko nne. Fundi yeyote wa umeme wa magari angeona kwamba jambo hilo linawezekana. Nguzo zinajulikana, betri zinajulikana, na kuziweka pamoja ili kila kimoja kifanye kazi yake ya siku zote hakutoshi kumpa mtu haki ya kuwazuia walimwengu. Mchunguzi mzuri angeyakataa madai hayo.

Lakini tuseme mwombaji ameongeza kwamba basi linapoteremshwa, uzito wake unaigeuza mota kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme katika betri. Hapo swali linakuwa gumu zaidi. Mchunguzi wa Ulaya huuliza: hati iliyo karibu zaidi inasema nini? Tofauti ni nini? Tofauti hiyo inaleta faida gani? Je, fundi aliyekuwa akitafuta faida hiyo angelifika hapo kwa njia ya kawaida? Ikiwa lifti za majumba zilikwisha kutumia njia hiyo, pengine maombi yatakataliwa. Ikiwa mwombaji ametatua tatizo ambalo lifti za majumba hazina, pengine yatakubaliwa, lakini kwa madai yaliyopunguzwa.

Hiyo ni kazi ya heshima na mimi siidharau. Mchunguzi anayekataa madai makubwa kupita kiasi anatulinda sisi sote, kwa kuwa anamzuia mwenye fedha asijitwalie kitu ambacho ni mali ya kila fundi. Mahali ambapo hati hutolewa kwa kupokea ada na kupiga mhuri tu, mwenye nguvu hujimilikisha hata gurudumu. Huku kwetu Afrika nchi kadhaa zilitia saini mapatano mjini Lusaka mwaka 1976 na kuanzisha shirika la pamoja ambalo leo linaitwa ARIPO, lenye makao yake Harare. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ofisi hiyo huyachunguza maombi kwa niaba ya nchi zilizotajwa na mwombaji, na nchi inayohusika hupewa miezi 6 ya kukataa. Uganda, Kenya na Tanzania zimo. Ni jambo jema, na wachunguzi wale wanastahili vitendea kazi na mishahara ya kutosha, kwani nao ni wafanyakazi kama sisi.

ASICHOKICHUNGUZA

Hata hivyo, swali ambalo kamati yetu iliuliza halimo kabisa katika maswali ya mchunguzi. Hataulizwa kama kizuizi cha chuma kitashika mafuta ya haidroliki yakivuja. Hataulizwa kama mtambo utasimama wenyewe nguzo moja ikichelewa, ila kama mwombaji mwenyewe amelidai jambo hilo. Hataulizwa kama betri inaweza kukaa mwaka mzima katika joto la karakana yenye bati. Hayo ni mambo ya viwango vya usalama na ya ukaguzi wa mitambo. Ulaya wana kiwango chao cha mitambo ya kuinulia magari, kiitwacho EN 1493, ambacho ni kitu mbali kabisa na hataza. Huku kwetu sheria za usalama kazini, za Uganda mwaka 2006, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2003, ndizo zinazomwajibisha mwajiri juu ya mitambo anayompa mfanyakazi.

Kwa hiyo mwajiri anayejibu swali la usalama kwa namba ya hataza ni sawa na dereva ambaye polisi amemwomba leseni, naye akatoa cheti cha ndoa. Cheti ni cha kweli, lakini si kilichoulizwa.

JASHO LA NANI?

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo wenzetu wengi hawajalifikiria.

Baada ya tukio lile, fundi mmoja wa zamu ya usiku alitengeneza kifaa cha onyo kwa vitu vya jalalani. Alichukua kipande cha bomba, akatundika timazi ndani yake, akaunganisha na betri ndogo na honi ya lori kuukuu. Bomba linashikamana na fremu ya basi kwa sumaku. Basi likiegemea kidogo tu, timazi linagusa ukuta wa bomba na honi inalia. Hakugusa chochote ndani ya mtambo wenyewe. Tangu hapo hatupandishi basi bila bomba lile.

Alipokuja mtu wa kampuni iliyouza mtambo, alikipenda sana kifaa hicho. Alikipiga picha pande zote, akaomba achorewe, akachorewa. Kisha alimpa fundi wetu kofia yenye nembo, akaenda zake.

Mimi sisemi kwamba kofia ile ni wizi. Sijui picha zile zilikwenda wapi. Pengine kifaa kile si kipya. Kengele za kuonya mwinamo zimekuwako kwa muda mrefu, na huenda mchunguzi angeweka herufi X mara moja. Lakini nauliza: ni nani katika karakana yetu aliyemwambia fundi yule kwamba swali hilo lipo? Mwajiri hakumwambia. Na sisi wa kamati, ambao tunasema tunamtetea, hatukumwambia pia, maana hatukujua. Chanda chema huvikwa pete. Chetu kilivikwa kofia.

Sheria haikumsahau mfanyakazi kabisa. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, jinsi ulivyorekebishwa, unampa mvumbuzi haki ya kutajwa jina lake katika hataza. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1957 inayohusu uvumbuzi wa wafanyakazi tu: mfanyakazi hutoa taarifa kwa maandishi, mwajiri akiuchukua uvumbuzi lazima alipe fidia ya haki, na wakigombana liko baraza la usuluhishi katika ofisi ya hataza. Jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2001, wameandika kwamba uvumbuzi uliofanywa katika kazi ya mkataba ni wa mwajiri, lakini ukiwa na umuhimu wa pekee mfanyakazi ana haki ya malipo yanayolingana na mshahara wake na faida aliyoipata mwajiri.

Lakini haki iliyoandikwa si haki iliyolipwa. Tazameni Uingereza. Profesa Ian Shanks alikuwa mwajiriwa wa kampuni tanzu ya Unilever alipovumbua mwaka 1982 kifaa cha kupimia sukari katika damu. Mshahara wake wakati huo ulikuwa pauni 18,000 kwa mwaka. Alipeleka madai yake mwaka 2006, akashindwa ngazi moja baada ya nyingine, mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilipoamua mwaka 2019 alipwe pauni milioni 2. Kuanzia uvumbuzi hadi hukumu ni miaka 37. Huyo alikuwa profesa mwenye mawakili. Fundi wa zamu ya usiku angefika wapi peke yake?

Katika sheria hiyo hiyo ya Uingereza, ya mwaka 1977, kuna kifungu ambacho kila kiongozi wa chama anapaswa kukijua. Kinasema kwamba palipo na mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri unaoweka malipo ya uvumbuzi, mkataba huo ndio utakaofuatwa badala ya utaratibu wa mahakama. Maana yake ni mbili. Kwanza, sheria yenyewe inakiri kwamba uvumbuzi ni jambo la chama. Pili, chama kikitia saini mkataba mbovu, kimewafungia watu wake mlango. Hivyo hatuna ruhusa ya kuwa wavivu katika jambo hili.

KARATASI ILIYO WAZI

Lipo na jambo la kutupa moyo. Hataza hutawala katika nchi ilimosajiliwa tu. Hataza ya Ujerumani haina nguvu Kampala mpaka iwe imeombwa na kutolewa kwa ajili ya Uganda. Na ile iliyomaliza miaka yake ni mali ya wote. Maana yake ni kwamba maandishi mengi ya mitambo hii, pamoja na michoro yake, yanaweza kusomwa, na yale yasiyo na hataza hai hapa kwetu yanaweza kutumiwa na mafundi wetu kutengeneza vipuri na hata mitambo, bila kumwibia mtu. Lakini kwanza lazima kuulizia katika ofisi ya usajili, na kitakachotengenezwa lazima kikaguliwe usalama wake. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya jambo la maana kama vingewafundisha vijana kusoma hati hizo kama wanavyofundishwa kusoma vitabu vya mota.

TUNATAKA NINI?

Najua wapo watakaosema chama ni cha kudai mishahara, si cha kusoma hataza. Nawajibu hivi: basi likimwangukia mtu, mshahara wake unakwisha siku hiyo. Na wazo la mfanyakazi linalochukuliwa bure ni kazi ya ziada isiyolipwa. Hayo yote ni mambo ya chama tangu vyama vilipoanza.

Kwa hiyo napendekeza matawi yetu yadai mambo manne.

Kwanza, kila mtambo wa kuinulia uwe na daftari lake la ukaguzi, lenye tarehe na saini ya mtu mwenye ujuzi, na kamati ya tawi iwe na haki ya kulisoma. Namba ya hataza isikubaliwe kamwe kuwa jibu.

Pili, mkataba wetu wa pamoja utakaofuata uwe na kifungu cha uvumbuzi na maboresho: mfanyakazi atajwe jina, na alipwe sehemu ya faida, hata kama jambo lake ni dogo lisilofikia hataza.

Tatu, kila tawi liweke kitabu cha maboresho. Fundi akibuni kitu, kichorwe, kiandikwe tarehe, na wenzake wawili waweke saini. Kitabu kifungiwe kabatini, kwa kuwa katika nchi nyingi kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya maombi kupelekwa, upya wake umekwisha. Na ikiwa fundi hataki hataza bali anataka kitu chake kiwe cha wote, kitumike waziwazi, na tarehe na picha za matumizi hayo zitunzwe, ili mwingine asije kukidai baadaye. Ofisi ya Ulaya humruhusu mtu yeyote kumwandikia mchunguzi, bila kulipa ada, kwamba kitu kinachoombewa kilikuwa kikijulikana. Na hati ikishatolewa, ipo miezi 9 ya kuipinga. Barua hiyo itahitaji ushahidi, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mgeni asipige picha kifaa cha fundi wala asichorewe bila kamati kujua.

Katika karakana yetu tumeanza. Ukaguzi sasa ni kila mwezi, baada ya mabishano marefu. Kitabu cha maboresho tulikinunua kwa fedha za kamati, na ukurasa wa kwanza una mchoro wa bomba, timazi na honi, pamoja na tarehe na saini mbili. Fundi mwenyewe alipoombwa aweke jina lake chini, alisita kidogo, akauliza kama kweli jambo dogo vile linastahili. Tulimwambia aandike. Aliandika kwa herufi kubwa.

Wenzetu wa matawi mengine, anzeni na ukurasa wa kwanza wenu.

Mjumbe wa kamati ya tawi, karakana ya mabasi, Kampala